Kifundo Kwenye Waya

Jumatatu asubuhi, kabla Dorca hajamaliza kupanga bisibisi juu ya gunia, pikapu ya Muhidin iliingia kwa fujo katika uwanja wa mafundi wa jua kali pale Kibuye, ikasimama pua ikikaribia kugusa meza. Ilikuwa ile Datsun ya kijani inayojulikana kuanzia Kisian hadi Luanda Kotieno. Muhidin aliuza kaseti kwa njia moja tu: alisimamisha pikapu ufuoni samaki wanaposhushwa, akafungulia muziki, na watu wakaja wenyewe. Asubuhi hiyo pikapu ilikuja kimya.

Aliteremka bila salamu. Na Muhidin wa Kaloleni si mtu wa kukosa salamu. Hata ukiwa umemuudhi atakuuliza kwanza watoto wameamkaje.

"Mzee Zadock, wufa zangu ziko wapi?"

Zadock, fundi wa redio za magari, alikuwa kwenye kiti chake cha mbao chini ya mabati ya kibanda. Aligeuza uso kuelekea sauti, akatabasamu nusu, akidhani ni mzaha. "Wufa ziko kwa gari yako, Bwana Muhidin. Tulikufungia Ijumaa, ukaondoka nazo."

"Zilizoko kwa gari ni mikebe. Mimi nauliza zile spika mbili za besi za inchi kumi na mbili, nilizoagiza Nairobi, nikakuletea hapa kwa mikono yangu. Zilienda wapi?"

Dorca aliacha bisibisi. Kelele za nyundo kwenye vibanda jirani zilipungua, kisha zikaisha. Jua kali ina masikio. Ukitaka watu elfu wanyamaze, taja wizi.

Muhidin akaeleza, na hakueleza kwa sauti ndogo. Jumamosi alikuwa Luanda Kotieno, siku ya watu wengi. Akafungulia muziki. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikalia vizuri, spika za kati zikaimba, lakini besi hakuna. Gitaa la besi, lile linaloshika mtu kifuani akaacha kununua samaki akaja kununua kaseti, halikusikika kabisa. Na upande wa pili wa ufuo alikuwapo Ogola, naye ni muuza kaseti, mwenye redio kuukuu na betri ya lori juu ya mkokoteni. Ogola akamzima. "Mama mmoja mwenye beseni la dagaa wa omena akaniuliza, Muhidin, leo umeleta nyuki? Watu wakacheka mpaka nikafunga virago. Mimi, na amplifaya ya wati mia nne, nimezimwa na mkokoteni."

Kuna mtu alicheka nyuma ya umati, akanyamazishwa.

"Nikapitia kwa Nicodemus," Muhidin akaendelea. Nicodemus alikuwa fundi wa barabara kuu, mwenye duka lenye kioo na feni. "Akasikiliza dakika moja tu. Akaniambia, hizi si wufa, umebadilishiwa. Huyo mzee amekutia ganda la nje, sumaku ya ndani ameuza."

"Alifungua akaona?" Dorca akauliza.

Muhidin hakumtazama. "Mama, naongea na fundi."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Kwa muda wa miaka miwili, mtu aliyelala chali chini ya dashibodi za watu akiunganisha waya hakuwa Zadock. Macho ya Zadock yaliingia ukungu, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto, mpaka sasa alimjua mtu kwa sauti na gari kwa mlio. Alibaki kupokea wateja, kuelewana nao, kuwaeleza habari ya wati na fyuzi kwa ufasaha wote aliojaliwa. Dorca alijulikana kama mke wa fundi, yule wa kumshikia tochi. Wateja wakiondoka kwenda kunywa chai, tochi ilishikwa na Zadock.

Mwenyekiti wa kamati ya uwanja, Wasike, alifika na daftari kwapani. Alikuwa mseremala mwenye haki na mwenye haraka, watu wawili wabaya kukaa ndani ya mtu mmoja. Alisikiliza pande zote akiwa amesimama.

"Sheria mnaijua," akasema. "Fundi akibadilisha kitu cha mteja, anatoka, na kibanda kinapewa mwingine. Mwaka jana tulimtoa mtu kwa ajili ya kabureta. Sitaki kusikia kwamba kwa Mzee Zadock nilifumba macho."

"Mimi sijaiba," Zadock akasema.

"Sijasema umeiba. Bwana Muhidin, leta ufunguo." Akautia mfukoni. "Gari haiguswi na mtu yeyote. Saa nane nirudi hapa. Kama wufa zipo, zionekane. Kama hazipo, Mzee, utafungasha vitu vyako. Huko polisi Bwana Muhidin atajijua mwenyewe."

Umati ukatawanyika pole pole. Fundi wa jiko aliyekuwa akimsalimia Zadock kila asubuhi kwa miaka tisa aligeuka akaanza kutafuta msumari usiopotea.

*

Nyuma ya kibanda palikuwa na nafasi ya watu wawili na ndoo. Dorca alimwongoza mumewe huko kwa kumgusa kiwiko, kama alivyozoea, kwa namna ambayo mtu akitazama angedhani wanatembea tu pamoja.

"Tutaenda kwa pasta," Zadock akasema. "Pasta atamwambia Wasike mimi ni mtu wa aina gani."

"Pasta anajua habari za besi?"

"Anajua habari zangu."

"Baba Lornah, hebu tuache pasta kwanza. Lile boksi la wufa." Alizungumza polepole. "Mimi nilifunga wufa ya kushoto. Kisha nikaitwa shuleni kwa sababu ya Lornah. Niliporudi nilikuta umeshafunga ya kulia na boksi umelipiga skrubu."

"Ndiyo. Na nililifunga vizuri. Sikio la plasi kwenye spika, kile kibati cha kuungia waya, ni pana, la mainasi ni jembamba. Hilo halihitaji macho, linahitaji kidole."

"Sijasema hukufunga vizuri. Nauliza, ile waya ilikuwa nyeupe tupu, pande zote mbili. Kifundo ulitia wapi?"

"Kwa mainasi. Kwani kifundo hutiwa wapi tena?"

Dorca akakalia ile ndoo.

Ngoja nikueleze jambo hili la kifundo, maana ndilo lililokuwa limebeba nyumba nzima kichwani. Waya ya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ilikuwa adimu Kibuye mwaka huo wa tisini na sita. Mafundi walitumia waya nyeupe ya taa za nyumba, pacha asiyejulikana kulwa wala doto. Sasa plasi, yaani upande chanya, utaijuaje ukishafunga boksi na kubaki na ncha mbili zilizotokeza nje? Kila fundi alikuwa na alama yake. Dorca alikuwa na kifundo, fundo dogo kwenye ncha moja.

"Mimi natia kwa plasi," akasema.

Zadock aligeuza uso kwake. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Nani alikufundisha hivyo? Mwalimu wangu kule Kisian, aliyenipa kazi hii, alisema kifundo ni cha eathi, yaani mainasi. Kinachofungwa ni kile kinachokaa chini."

"Hakunifundisha mtu. Kwetu baba alikuwa akishona nyavu. Fundo liko pale kwenye nguvu, pale kamba inapovutwa. Nikaweka kwa plasi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Sauti ya Dorca ilipasuka, na alikasirika kwamba imepasuka. "Niseme, mume wangu, nimetia kifundo kwa sababu huioni waya? Nilitia ili ukiishika mbele ya mteja vidole vikuambie. Nikanyamaza."

"Nilivihisi," Zadock akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nikajiambia, huyu Nyar Asembo, binti wa watu wa Asembo, amenitengenezea njia na hataki kunitangaza. Nikanyamaza pia." Alipangusa macho, yale macho yasiyomsaidia kitu isipokuwa kulia. "Ijumaa ulipoenda shuleni nilitaka kufunga kitu kimoja kwa mkono wangu. Kimoja tu."

"Na mimi nilipoona boksi limefungwa, ningepima kwa betri. Kila siku napima. Lakini ningefungua mbele yako ungejua nakukagua. Nikaamini vifundo nikaunganisha kwa amplifaya."

Wote wawili sasa walijua kilichoko ndani ya gari. Wufa moja ilikuwa imeungwa sawa, ya pili kinyume. Moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inaivuta nyuma. Kila moja ilikuwa inakula kazi ya mwenzake, kama wake wenza wanaopika chungu kimoja, huyu akichochea moto na yule akiutoa.

"Si kitu basi," Zadock akasema, na uso ukachangamka. "Ni kugeuza waya mbili. Wasike yuko karakana yake. Mlango wa Datsun ile haufungi vizuri, naujua. Dakika moja, Nyar Asembo."

"Halafu besi irudi."

"Irudi."

"Na wao wote waseme nini? Kwamba mwizi amerudisha wufa alizoficha."

Zadock akaegemea bati la kibanda.

"Ni lazima boksi lifunguliwe mbele ya watu likiwa vilevile lilivyo," Dorca akasema. "Mbele ya Muhidin na yule Nicodemus wake. Na wewe hutaweza kufungua."

"Nitasimama niseme maneno. Wewe utanishikia."

"Maneno wameyasikia. Wanataka mikono," Dorca akasema.

"Watajua."

"Watajua."

"Watu hawapeani gari lifungwe na mama. Watatucheka, Dorca. Kisha hawatarudi."

"Akutukanaye hakuchagulii tusi. Leo wanatuita wezi, kesho wataniita fundi mwenye rinda. Mimi nachagua la kesho." Akainuka, akajifuta mavumbi. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Si wewe ulikuwa ukiniambia hivyo?"

"Nilikuambia nikiwa na macho," Zadock akasema, lakini aliunyoosha mkono wake, na Dorca akamshika kiwiko.

*

Saa nane kulikuwa na watu wengi kuliko asubuhi, maana aibu ya jirani ni chakula kisicholipiwa. Muhidin alikuja na Nicodemus, aliyevaa shati la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Wasike alisimama kando ya pikapu, ufunguo mkononi.

Zadock alikohoa. "Mwenyekiti, boksi litafunguliwa hapa. Atakayefungua ni mama."

Kulikuwa na mguno, kisha kicheko, kisha mtu akasema, "Fundi, umechoka mpaka unatuma bibi?" Nicodemus alitabasamu akitazama viatu vyake.

"Mwenyekiti," Muhidin akasema, "nimekuja kutafuta mali yangu. Sikuja kwa mchezo."

"Bwana Muhidin," Dorca akasema, "wewe mwenyewe kaa kwa usukani. Redio ishike wewe. Mimi sitagusa kitu usichokiona. Nikikosea, kibanda ni hicho."

Wasike akampa Muhidin ufunguo.

Kaseti ikaingia. Magitaa ya muziki wa benga yakatoka membamba, makali, yakiwasha masikio. Kweli ilikuwa nyuki. Watu wakaangaliana.

"Zima," akasema. Akapanda nyuma ya pikapu mbele ya watu wote, rinda akalikusanya katikati ya magoti, akalegeza skrubu kwenye amplifaya na kuchomoa waya za wufa ya kulia. Akaziinua juu zionekane, akazitenganisha zisigusane. "Nimeondoa moja. Sasa imebaki wufa moja tu. Washa."

Muhidin akawasha.

Besi ilikuja. Ilitoka chini ya lile boksi ikapita kwenye bati la pikapu, ikagusa mikebe ya rangi kwenye kibanda cha jirani, mikebe ikaanza kucheza. Watoto wa shule waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Kichwa cha mtu hakiwezi kukubali upesi kwamba umepunguza spika na sauti ikaongezeka.

"Hiyo inaonyesha tu kwamba ile uliyotoa ndiyo feki," Nicodemus akasema. "Ilikuwa inaharibu nzima."

"Zima," Dorca akasema. Akarudisha ya kulia, akachomoa ya kushoto. "Washa."

Besi ikaja tena, ileile, na mikebe ikacheza vilevile. Nicodemus akaitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Zote mbili ni nzima," Dorca akasema. "Ni wufa zako, Bwana Muhidin. Kila moja ikiwa peke yake inafanya kazi. Zikiwekwa pamoja zinapigana. Shuka uone."

Alitoa kile kitambaa cheusi kilichofunika uso wa boksi, karatasi za wufa zikaonekana, nyeusi na pana. Akachomoa waya zote. Kutoka kwenye mfuko wa rinda akatoa betri moja ya tochi. Akamwita Muhidin aweke kiganja juu ya wufa ya kushoto, asiikandamize. Ule upande wenye kifundo akaugusisha kichwa cha betri, ule mwingine matakoni mwa betri. Karatasi ikaruka nje, tap, ikapiga kiganja.

"Umehisi?"

"Nimehisi. Imetoka."

"Njoo ya kulia. Kifundo kichwani, vilevile." Akagusa. Karatasi ikazama ndani, ikiukimbia mkono.

Muhidin alirudia mwenyewe, akiishika betri kwa vidole vyenye pete. Mara tatu. Nje, ndani. Nje, ndani. "Laa ilaha," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akauliza swali ambalo Dorca alikuwa akilingoja tangu asubuhi. "Basi aliyekosea hapa ni nani? Nani alitia kifundo hiki upande usio wake?"

Dorca alikuwa amelipanga jibu. Angesema ni yeye, ni haraka, ni kuitwa shuleni. Alivuta pumzi.

"Ni mimi," Zadock akasema.

Aliinuka kutoka kwenye kiti, akatembea kuelekea pikapu bila kushikwa, mkono mmoja mbele, na kila mtu pale uwanjani akaona kwa mara ya kwanza kile kilichokuwa mbele yao miaka miwili. Goti lake lilipiga ukingo wa nyuma. Akaushika, akasimama wima.

"Kifundo hicho ni changu. Mimi sioni, Bwana Muhidin. Mwenyekiti, mimi sioni. Ile redio yako niliyoisifu Krismasi, sikuiona. Magari yote yaliyotoka hapa tangu mwaka juzi yamefungwa na huyu mama. Moja tu ndilo nililotia mkono, na mmeona yaliyotokea. Tulikuficheni hilo. Hatukukuibieni."

Mtu mmoja mwenye gari dogo jeupe lililokuwa likingoja zamu kibandani aliingia ndani yake, akaliwasha na kuondoka polepole. Dorca alilitazama mpaka likaingia barabarani. Mwingine angeweza kumfuata, na alijua.

Muhidin alikuwa akilitazama boksi. "Jumamosi nimechekwa na ufuo mzima," akasema.

"Najua," Dorca akasema. "Na sisi tumechekwa na Kibuye nzima. Nisamehe hiyo ya kwako. Hiyo ya kwetu tusameheane."

Muhidin aliifumbata ile betri kiganjani. "Mzee Zadock, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nalitoa neno langu mbele ya watu haohao." Kisha, kwa Dorca, na safari hii alimtazama: "Fundi, nimalizie. Kesho nina safari ya Asembo Bay, na Ogola atakuwepo."

Dorca alizishika waya za wufa ya kulia. Badala ya kufungua kile kifundo yeye mwenyewe, alizitia mikononi mwa mumewe. Zadock alikitafuta kwa kidole gumba, akakifungua kwa kucha, taratibu, watu wote wakingoja. Akahamia waya ya pili, akafunga kipya, akakivuta kukikaza.

"Kwa plasi," akasema.

"Kwa plasi," Dorca akasema.

Muziki ulipowashwa Nicodemus alikuwa amekwisha kwenda. Wasike alikuwa amefungua daftari juu ya boneti, akilishika lisitetemeke, akikuna kichwa kwa kalamu. Kwenye mstari wa kibanda namba kumi na saba palikuwa na jina moja kwa miaka tisa. Hakulifuta. Aliandika jingine pembeni yake, kwa herufi za kubanana kwa sababu mstari haukuwa na nafasi.

*

Wiki hiyo wateja wanne hawakurudi. Mmoja alituma salamu kwamba gari lake limepata nafuu lenyewe.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, lori dogo la kubebea samaki lilisimama. Dereva wake alisema anatoka Asembo Bay, na kwamba ameisikia Datsun ya kijani akiwa bado hajaiona. Alizunguka meza, akaona mzee kwenye kiti na miguu miwili imetokeza kwenye mlango wa gari la jirani.

"Mzee," akauliza, "fundi ni nani hapa?"

Kwa miaka miwili Zadock alikuwa na jibu la swali hilo, jepesi, la mazoea, nalo lilimfika ulimini. Alikuwa akiigeuza betri ya tochi kwenye kiganja, kichwa juu, kichwa chini.

"Yuko chini ya dashibodi," akasema. "Keti, amalize. Hapa hatufungi boksi kabla hajapima."